Sauti ya Mshona Mabuibui

Huyo mshona mabuibui wa Konde akiongea dukani hana sauti, mpaka mteja amuulize mara mbili, na mdomoni hakosi punje ya karafuu. Harusini juzi, zamu yake ya kasida ilipofika, akaitema karafuu kiganjani, akapanda jukwaani, akaanza kuimba. Nyuma ya pazia la wanawake Talib, fundi mitambo, akaruka: "Spika inapiga mluzi! Itaungua, na ndo kwanza nimenunua!" Akapunguza huku, akapunguza kule, wapi! Hasira zikampanda, akachomoa waya. Spika kimya, sauti bado ipo juu, nyembamba, inatoboa bati, na vigelegele juu yake. Alipomaliza akarudisha karafuu mdomoni, akafunua pazia, akanong'ona: "Chomeka mwanangu, wenzangu hawasikiki."