Dada Mwenye Masharubu

Kama umekulia Malindi na hukupata kusimuliwa habari za Labhuben, mke wa Mwalimu Haridas, basi wakubwa wako wamekupunja. Kaa hapa usikie.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Mjerumani. Wahindi wenye maduka walikuwa wamechoka kuona watoto wao wanajua kupima mchele lakini hawajui kuandika lugha ya wazee wao. Wakamwita Haridas kutoka Kathiawar, huko Bara Hindi, aje awasomeshe wavulana. Jamnadas, muuza nguo, akatoa chumba nyuma ya duka lake. Haridas akaja na mkewe, na mkewe akaja na binti yao Pushpa, mtoto wa kunyonya wakati huo. Wa pili, Manu, alizaliwa papa hapa mjini.

Haridas kusomesha wavulana, hilo lilijulikana tangu mwanzo. Lililowashtua watu ni la mkewe. Hata hajazoea joto la Malindi, Labhuben alitandika mkeka ukumbini kwake, akamwita binti wa Jamnadas, akamwita Nazmin binti wa Rajabali, akawaita na wengine, Wahindu na Waislamu mkeka mmoja, akaanza kuwafundisha herufi. Wanaume wakaguna. Mwanamke asome ili amsomee nani? Labhuben akaendelea na herufi. Majibu alikuwa nayo tele, ila alikuwa na kazi.

Na kazi yenyewe! Asubuhi ungemkuta jikoni anakanda unga wa chapati, huku anawatajia wasichana imla kwa sauti kupitia mlangoni. Manu analia mgongoni kwa Kadii, yaya wao, mama wa Kigiriama aliyevaa hando, ile sketi ya marinda mengi ya kwao, likichakarisha kila apitapo. Pushpa, ambaye sasa alikuwa ameanza kung'oka meno, anakimbia kati ya jiko na mkeka na ua. Kwa baba yake alisema Kigujarati. Kwa Kadii alisema Kiswahili chenye chembe za Kigiriama. Kwa mama yake alisema lolote lililotangulia kufika ulimini, na alimwita "mama", kama watoto wote wa Malindi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye kisa. Kwa Kigujarati, mama si mama. Mama ni mjomba. Kaka ni ami yako. Na dada, usicheke bado, dada ni babu mzaa baba.

Mwaka huo babake Haridas akaja kuwatembelea. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwana wa mwalimu, mzee wa kilemba cheupe na masharubu yaliyosokotwa yakaelekea masikioni. Nyumba nzima ilimwita Bapuji. Na kwa desturi ya kwao, mke wa mtoto wake hamwonyeshi uso wala hamsemeshi. Labhuben hufunika uso kwa ncha ya sari, na akiwa na neno hulipitisha kwa mtoto: "Pushpa, mwambie babu yako chakula tayari." Mzee naye hujibu kwa njia ile ile. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo wenyewe ulikuwa bado.

Siku aliyofika, mzee aliketi kitini, akafungua mikono, akasema kwa mapenzi yote ya safari ndefu, "Njoo kwa Dada!"

Pushpa akageuka kutazama nyuma. Hakuona msichana yeyote. Akamtazama mzee, akamtazama Kadii.

"Dada yuko wapi?" akauliza kwa Kiswahili. "Huyu mbona ana masharubu?"

Kadii akacheka mpaka hando likatikisika. Mzee akamuuliza mwanawe mtoto amesema nini, na Haridas, masikini, mtu asiyejua kudanganya, akamweleza vile vile. Mikono ya mzee ikarudi mapajani.

Kosa halikuwa la mtoto. Lilikuwa la Labhuben, na alilijua papo hapo. Miaka yote alimtaja mzee kwa jina la Bapuji, naye mtoto akajua kuna Bapuji ng'ambo ya bahari. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba kwake yeye Bapuji huyo ni Dada. Lo, jinsi alivyojilaumu chini ya ile sari!

Jioni mzee akatoa hukumu. "Babangu alikuwa mwalimu," alimwambia Haridas. "Mimi mwalimu, wewe mwalimu. Na binti wa nyumba hii hajui hata neno la kumwitia babu yake. Mama yake anamwita mjomba! Nitarudi naye kwa meli ijayo, akalelewe na nyanya yake."

Haridas akatazama sahani. Kumpinga baba yake hakuwahi, na hakuanza siku hiyo. Jamnadas, aliyekuwa amealikwa chakulani, akatikisa kichwa kukubali, akasema samaki mkunje angali mbichi. Akunjwe mwanawe yeye! Nyuma ya pazia chapati ikaungua, na Labhuben akaiacha iungue. Miaka aliyokaa akiwafundisha mabinti wa watu, leo binti yake ndiye wa kuchukuliwa kwa kuwa hakufundishwa.

Alilia, mbona asilie, uchungu wa mwana aujua mzazi. Lakini asubuhi yake alinawa uso akaingia kazini. Aliwasimamisha wasichana wote kwenye kizingiti cha mlango wa uani.

"Neno ni moja, nyumba ni mbili," akawaambia. "Ndani ya kizingiti ni Gujarati. Nje ni Malindi. Kabla hujasema, angalia miguu yako iko wapi. Pushpa! Dada ni nani?"

"Babu!"

"Ruka nje. Dada ni nani?"

"Ndugu yangu wa kike mkubwa!"

"Mama?"

"Wewe!"

"Ruka ndani. Mama?"

"Mjomba!"

Wakaruka wote, Nazmin akaruka na nywele zikafumuka, Manu akashushwa mgongoni naye akajitupa juu ya kizingiti kama chura. Kicheko kikajaa nyumba. Kutoka kitini kwake mzee akauliza kwa sauti, "Hii ni shule au ngoma?" Labhuben akasikia. Akaita neno linalofuata. Kila siku ikawa hivyo, na kila siku mzee akaguna.

Meli ilipokaribia kuja, mzee alitoka asubuhi kunyoosha miguu peke yake. Vichochoro vya Malindi havimjui mgeni. Alizunguka, akazunguka, akatokea sokoni, jua limeshapanda, na nyumbani hajui tena kuko wapi. Akasimama kati ya mafungu ya mchicha na mihogo, akaita neno pekee ambalo lingeweza kumsaidia.

"Pushpa! Pushpa!"

"Pushpa wa mwalimu?" akauliza bibi mmoja muuza mchicha. "Kwani wewe ni nani wake, mzee wangu?"

Mzee hakuelewa, ila alikisia anaulizwa nini. Akajipiga kifua. "Dada!" akasema. "Dada!"

"Nani?"

"Dada! Dada Pushpa!" Na akajipiga kifua tena, kwa fahari, ili waelewe.

Ebo! Soko la Malindi halina huruma hata siku ya kufa mtu. Bibi wa mchicha alishika mbavu. "Njooni mumwone dada! Dada gani huyu, masharubu yamefika masikioni!" Mwingine akamuuliza dada kama mahari yake imeshatolewa. Mzee, mtu aliyeogopwa na madarasa mazima, akasimama pale akitazama mdomo huu na mdomo ule, asijue amekosa wapi. Kilemba kilikuwa kimelegea.

Hapo ndipo Kadii alipotokea akimtafuta, Manu mgongoni, Pushpa mkononi. Kadii mwenyewe alikuwa karibu kucheka, lakini Pushpa hakucheka. Aliitwaa fimbo mkononi mwa babu yake, akachora mstari mrefu mchangani, akasimama upande mmoja wa mstari mikono kiunoni.

"Msimcheke," akasema. "Neno ni moja, nyumba ni mbili. Huku ni kwenu. Dada ni nani?"

"Ndugu wa kike, mwanangu," bibi wa mchicha akajibu, machozi ya kicheko bado shavuni.

"Vuka uje huku. Haya, vuka! Huku ni kwetu. Huku dada ni babu mzaa baba. Huyu ni babu yangu mzaa baba. Amesema kweli."

Bibi yule, mtu mzima na heshima zake, akainua leso, akavuka. Na wengine wakavuka. Kisha Pushpa akamgeukia mzee, akamwambia kwa Kigujarati safi, chenye adabu zake zote za kumwambia mkubwa, kwamba hawakumdharau, kwamba kwao neno lile ni la msichana, na kwamba, tafadhali, avuke upande huu aone. Mzee akautazama mstari. Akavuka. Bibi wa mchicha akamwinamia akamwamkia shikamoo, akampa fungu la mchicha bure, na shikamoo ya sokoni si kitu kidogo.

Haya yote Kadii alimwigizia Labhuben uani, kilemba cha mzee amekifanya kwa leso. "Mulungu wangu, ungemwona mwanao! Mikono hivi, kiunoni, kama wewe!" Labhuben alicheka, akalia, akaketi chini. Hakuna tuzo aliyowahi kupewa duniani iliyomfikia moyoni kama ile mikono kiunoni. Alipika kitu kitamu cha ngano na samli, na alipika kingi. Alijua sasa mtoto amepona.

Kumbe!

Baada ya chakula cha mchana mzee alifuta masharubu, akasema, "Haridas, nimekuwa mwalimu maisha yangu yote. Kipaji nakijua nikikiona. Mtoto huyu amezaliwa mwalimu. Nilitaka kumchukua kwa kuwa hajui kitu, na sasa naona kumwacha hapa itakuwa dhambi. Kesho ataondoka nami, nimfundishe mwenyewe."

Huo ndio ubaya wa fahari, huja na mikono mirefu. Haridas akarudi kutazama sahani. Labhuben alikuwa nyuma ya pazia na birika la chai. Alimwita mtoto.

"Pushpa, mwambie babu yako..."

"Nimwambie nini?"

Labhuben akatafuta neno. Hakuna. Utamtumaje mtoto akaombe mwenyewe asitengwe na aliyemzaa? Aliweka birika chini. Akavuta ncha ya sari ikafunika uso wote mpaka kidevuni, kisha akatoka nyuma ya pazia, akasimama mbele ya kiti cha mzee, mahali ambapo mke wa mwana hasimami.

"Bapuji," alisema, "ule mstari wa sokoni niliuchora mimi. Niliuchora hapa, kwenye kizingiti hiki, na wewe ukauita ngoma. Adabu aliyokusemesha nayo nilimpa mimi. Kiswahili alichokuokoa nacho kakipata kwa Kadii na mji huu. Unasema utakuwa mwalimu wake. Mtoto huyu ana mwalimu. Mwalimu wake ni mimi."

Kikombe cha Haridas kikagonga sahani. Jamani, hata Kadii, ambaye Kigujarati hakijui, alijua limetokea jambo, akamziba Manu mdomo. Mzee hakumtazama Labhuben. Heshima haikuruhusu, au hakuweza, nani ajuaye. Aligeuza uso akatazama ukuta. Na Haridas, mtu yule wa kutazama sahani, akasimama akaja kando ya mkewe.

"Ni kweli, Bapuji," akasema. Basi, hilo tu, lakini kwa Haridas lilikuwa hotuba.

Labhuben hakurudi nyuma ya pazia. Miguu ilimtaka arudi, akaikatalia. Alikuwa na hofu, na ndani ya hofu ile alikuwa na fahari ambayo hakuwahi kuijua, ya mtu aliyetaja kazi yake kwa jina lake mbele ya mwenye kazi hiyo hiyo.

Hatimaye mzee akaita, bado ameangalia ukuta.

"Pushpa."

"Naam, Dada."

"Mwambie mwalimu wako," akasema, akasita hapo kwenye neno mwalimu kama mtu anayelipima uzito, "mwambie mwalimu wako kwamba mzee atapanda meli peke yake."

Pushpa akamgeukia mama yake, aliyekuwa amesimama hatua mbili tu na amekwisha kusikia kila kitu, akajiweka sawa kuufikisha ujumbe kama ipasavyo. Haridas alitaka kumwambia hakuna haja. Labhuben akamshika mkono kumzuia. Akamwacha mtoto aseme yote, neno kwa neno, maana alitaka kuyasikia mara ya pili.