Miaka Sita Bila Hodi

Fundi seremala aliwatengenezea watu milango kwa miaka arobaini, na uzeeni makao ya wazee yakampa chumba ambamo kila mtu aliingia kama anaingia sokoni. Hata mtafiti, na karatasi zake za maswali, aliingia nyuma ya matroni wa makao hayo bila hodi.

"Babu, huduma za hapa zikoje?"

"Nzuri sana," akajibu matroni.

"Nimepooza mguu, si ulimi!" fundi akafoka. "Tokeni wote! Mwanangu, piga hodi kwanza, ndipo uniulize."

Wakatoka. Mtafiti akapiga hodi.

"Karibu, mwanangu."

Mtafiti akaingia. Nyuma yake matroni naye, akiwa bado nje ya mlango, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, akaita, "Hodi, babu?"

Fundi akamtazama mtafiti.

"Funga mlango," akasema, "tuanze."