Aliyeacha Mashine, Akapakia Watu

Wasomaji wangu, habari za kifo cha mama mmoja, mwenzangu wa zamani kazini, zilinifikia nikiwa sokoni, nimeshika fungu la sombe, yaani kisamvu. Dada yake alinipigia simu kuniambia kwamba figo zimemshinda. Nilihuzunika, kisha, Mungu anisamehe, nikacheka mbele ya wauza mboga, maana huwezi kumkumbuka mama yule bila kusikia kicheko chake kikubwa.

Miaka ya vita tulifanya kazi pamoja katika shirika kubwa la afya lenye makao Masisi na vituo vilivyotawanyika kutoka Bweremana, ufukweni mwa ziwa, hadi Kashebere upande wa Walikale. Mimi nilikuwa mwandishi wa ripoti. Yeye, binti wa wakulima wa Kirolirwe aliyesomea kompyuta Goma, aliajiriwa kupanga upya utunzaji wa faili na uchapishaji wa karatasi zetu. Alikuta kila mkuu wa idara na mashine yake ya kuchapisha mezani, kila moja na wino wake, na faili za wagonjwa zimelala humo katika kompyuta za watu binafsi. Akaamua faili zote zikae kwenye kompyuta kuu, na kila Ijumaa nakala zipelekwe kwa pikipiki Bweremana na Kashebere. Na watu wote wachapishe kwenye mashine mbili za aina moja, ukumbini.

Mkurugenzi alikasirika. “Mama, mimi mukubwa nisimame mu mustari na mulinzi juu ya karatasi?”

“Papa, siku barabara itafungwa, wino ya kila aina tutaipata wapi? Ya aina moja tutagawana. Na karatasi yako hakuna mutu ataisoma, haitatoka kama haujaandika namba yako ya siri.”

Alikubali kwa kununa. Lakini ni katika mstari huohuo alikosikia muuguzi wa Kashebere akisema kwamba wajawazito wanalala sakafuni, na vitanda vikaenda wiki ileile. Nje, watu walibaguana kwa lugha na kwa vilima walikotoka. Ukumbini tulisubiri karatasi pamoja, tukitaniana.

Kisha asubuhi moja risasi zikasikika mlima wa pili. Tulikuwa na lori moja tu, la mfanyabiashara wa Butembo aliyetuuzia karatasi. Mkurugenzi aliamuru tupakie kompyuta kuu na mashine zote. Uani walisimama wazazi wa wodini, watoto wachanga mgongoni. Mama yule akaenda kuziba mlango wa lori kwa mwili wake mnene.

“Papa, acha hivi vyuma. Faili ziko Bweremana tangu Ijumaa.”

“Uko na hakika?”

“Nilienda kuzifungua mimi mwenyewe. Pakia bamama!”

Mkurugenzi aliitazama mashine, akawatazama wale akina mama, akaishusha kwa mikono yake mwenyewe. Tulipofika Bweremana tulizifungua faili, na wagonjwa wa kifua kikuu waliotufuata wakaendelea na dawa pale walipoishia. Si kwamba hakuna kilichopotea. Kazi yote ya baada ya Ijumaa ilikwenda, pamoja na ripoti yangu ndefu. Nikiwa nimejiinamia, mama yule aliniletea sambaza za kukaanga, vile visamaki vidogo vya ziwani. “Kula kwanza, kaka. Kichwa yako njo nakala ingine.” Nilikula, nikaiandika upya kutoka kichwani, ikawa fupi na nzuri zaidi.

Tuliporudi Masisi, kompyuta kuu haikuwepo. Mashine moja ilibaki, na katika sehemu ya kuwekea karatasi kuku alikuwa ameatamia mayai. Fundi alitaka kumfukuza. “Mwache!” mama akafoka huku akicheka mpaka machozi. “Huyu peke yake njo alibakia ku kazi!” Tukaandika kwa mkono mpaka vifaranga vikatoka.

Akiba haiozi, tunaambiwa, nasi hudhani akiba ni ya vitu. Wengi huwaona watu wa kupanga kuwa wakavu, wapenda vyuma kuliko wenzao. Mimi nimemjua mmoja aliyekuwa kinyume chake, na kwake nimejifunza hili: vitu vipangwe vizuri siku ya amani, ili siku mbaya ikija, mikono iwe na nafasi ya kumbeba mtu.