Kicheko cha Masanja

Ipo alasiri moja ya Mpanda ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mume wangu asisikie. Ilikuwa miaka ya tisini, mwishoni mwa masika. Nilikuwa msichana mwenye kamera shingoni, nimebanana na ukuta ndani ya ghala la mpunga, nahangaika kumpiga picha kijana anayecheza mpira wa kikapu. Kaa nikusimulie, mwanangu. Simu yako hiyo inapiga picha hata usiku, na sidhani kama umewahi kulilia mwanga.

Utashangaa mpira wa kikapu ulifuata nini ghalani. Masika uwanja wa nje uligeuka tope, na parokia ilikuwa na ghala kubwa la kuhifadhia mpunga wa kijiji cha Mamba na vijiji jirani. Kabla ya mavuno ghala hubaki tupu, kwa hiyo vijana wakaomba, wakaruhusiwa, wakafunga vikapu viwili, kimoja ukuta huu na kingine ukuta ule. Walicheza humo mpaka lori la kwanza la mpunga lilipofika. Likifika, mchezo umekwisha hadi mwaka mwingine, na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu kula kwanza. Lakini giza la humo ndani! Madirisha yalikuwa madogo, juu kabisa karibu na paa, na taa mbili zilizokuwepo, hata umeme ukiwaka, zilijimulika zenyewe tu.

Mimi nilikuwa na banda la picha kule Kawajense. Watu waliniita Dada Picha, nami jina lilinipendeza mno. Nilipiga harusi, ubatizo, kipaimara na wasafiri wa treni wanaotaka ukumbusho, vyote nje juani. Nilijiona fundi aliyekamilika.

Basi akaja bandani mama mmoja wa Kisukuma, Mama Masanja. Yeye na mumewe walihamia pande zetu na ng'ombe wao zamani kidogo, kisha mume akafariki, naye akahamia mjini na mwanawe Masanja. Macho ya yule mama yalikuwa yanakufa. Hospitali walishamwambia hayatapona. Alichoweza kukiona bado ni kitu kilichosogezwa karibu kabisa na pua, tena kwenye jua.

“Wanasema akicheza mpira anacheka,” aliniambia. “Nyumbani hajacheka tangu tumzike baba yake. Nataka nimwone akicheka, mwanangu, kabla macho hayajaniacha.”

Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. Ujana huo.

Nilimchukua Masanja, nikamsimamisha juani, nikamwambia acheke. Akatoa meno kama mtu aliye mbele ya daktari wa meno. Mkanda wa picha ukapanda treni kwenda Tabora kusafishwa, na picha ziliporudi nikampelekea mama. Akachukua moja, akaileta puani, akaigeuza juani, akanirudishia kwa upole.

“Huyu namjua,” alisema. “Ndiye anayekula ugali wangu kila siku. Niletee yule mwingine.”

Tulicheka wote wawili, lakini nilirudi nyumbani nimenywea. Jumamosi iliyofuata nikaenda ghalani. Nikatumia flashi, na kila ilipowaka Masanja alikunja uso na wenzake wakapofuka kwa muda, mpaka mmoja akapigwa mpira wa pua. Mwalimu wao akaniomba kwa heshima niizime. Nikaizima. Sasa bila flashi, kwenye giza, kamera hulifumbua jicho lake kwa muda mrefu, na mtu anayeruka hutoka kama moshi wa kuni mbichi. Mkanda wa pili ulirudi kutoka Tabora umejaa moshi mtupu. Mimi na wewe tungekisia huyu ni nani, lakini kwa macho ya yule mama ile ilikuwa karatasi ya kijivu, basi.

Wakati huohuo habari zikaja kwamba Mamba wameanza kuvuna. Siku yoyote lori lingeingia na ghala lingefungwa, na nani angemhakikishia Mama Masanja kwamba mwaka kesho atakuwa bado anaona? Sikumwambia mtu. Mama huyo akiniulizia, nilituma salamu kwamba picha zinakuja. Nikaanza hata kukwepa njia ya kwake, nikawa nazunguka mbali kama mtu anayefukuzwa na mbwa.

Jumamosi ambayo wengi walidhani ndiyo ya mwisho, Mzee Gaspari akanikuta ghalani nimegeukia ukuta, nimefuta machozi vibaya. Alikuwa mtu wa kabila la Wapimbwe kutoka Mamba, katekista aliyestaafu, na ndiye aliyetunza funguo za ghala. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza kulikoni. Nikasema kamera mbovu. Akataka kujua ni nani niliyemwambia ninachokitafuta humo ndani wiki zote hizo, na mimi sikuwa na jina hata moja la kumtajia.

“Binti yangu,” alisema, “humu ndani tumejaa watu, na wewe unahangaika kama uko peke yako. Unatuficha nini? Giza hili sote tunaliona.”

Hakupaza sauti. Laiti angenifokea ningejitetea, lakini alisema taratibu. Nikakaa juu ya magunia matupu nikamweleza yote, hata maneno ya yule mama jinsi alivyoyasema. Mzee akamtuma Masanja bombani akalete maji, akawaita wachezaji waliobaki, akaniambia nirudie.

Nikarudia. Kijana mmoja, mfupi, aliyezoea kumpasia Masanja mpira, akasema, “Dada, wewe unampiga akifunga. Akifunga hacheki, anakuwa siriasi. Akikosa ndiyo anacheka. Anashika kiuno palepale chini ya kikapu, anacheka.”

Mwanangu, nilitamani kujipiga kofi. Wiki zote hizo nilikuwa navizia miruko, nikifikiri furaha ya mchezaji iko kwenye kufunga. Kumbe alipocheka alikuwa amesimama tuli, na mtu aliyesimama tuli hata kamera yangu ingemshika, mradi pawe na mwanga kidogo zaidi.

Mwanga wenyewe ulikuwa umeegemezwa kwenye kona. Parokia ilikuwa imenunua mabati ya kuezekea kigango, mapya, yanang'aa, yanasubiri usafiri. Mzee Gaspari akafungua milango mikubwa ya ghala, ambayo siku zote ilifungwa ili mpira usikimbilie matopeni, akawaagiza watazamaji wayatoe mabati nje. Akina mama waliokuja kutazama, wapagazi wa stesheni, wanafunzi, kila wawili wakashika bati na kulielekeza juani ili mwanga uruke uingie ndani. Mwanzoni waliwamulika wachezaji machoni, ikawa vurugu na vicheko, mpaka mzee akawaonyesha wapige kwenye kuta, maana zilikuwa na chokaa. Ghala likafunguka. Nikaona nyuso ambazo sikuwahi kuziona sawasawa.

Masanja akarudi na ndoo, akauliza kuna nini. Wakamwambia wanakagua mabati kama yana matundu. Akaamini, maskini.

Mchezo ukaendelea. Nikapiga magoti chini ya kikapu, na kila mruko nikauacha upite. Ni kazi ngumu kukaa bila kugusa kitu kizuri kinachopita mbele yako. Masanja akafunga, nikatulia. Akafunga tena, nikatulia. Halafu akarusha mpira, ukazunguka ukingoni mwa kikapu kama unaotafuta mlango, ukatoka nje. Akasimama. Akashika kiuno. Akacheka, na mimi nikabonyeza nimebana pumzi. Baada ya muda si mrefu wingu likafunika jua, watu wakashusha mabati, mikono inawauma, wananiuliza kama nimepata. Nikawajibu sijui, maana kweli sikujua.

Lori la mpunga liliingia kabla mkanda haujarudi kutoka Tabora. Siku uliporudi niliufungua palepale stesheni, nikaiona ile moja, na sikupita hata bandani.

Nilimkuta Mama Masanja uani, na Masanja anapasua kuni. Nikampa. Akaileta puani, akaigeukia nuru ya jua, akakaa hivyo kwa muda mrefu, kidole gumba kinatembea juu ya karatasi. Machozi yakaanza kumtoka.

“Ndiye,” alisema. “Anacheka kama baba yake.”

Masanja akaweka shoka chini, akaja, akaitazama picha. Akamtazama mama yake. Urefu wake wote ule ukaenda chini, akapiga magoti.

“Mayu,” alimwita mama kwa Kisukuma, “nilidhani nikicheka humu nyumbani utaona nimemsahau baba.”

“Na mimi nilikuwa nangoja,” mama alimjibu. “Kila siku nilikuwa nangoja.”

Nikaona hapo si mahali pangu, nikaondoka bila kuaga. Sikuwa nimefika barabarani niliposikia mtu anacheka nyuma yangu, kijana, kisha na mwanamke.

Basi shika hili, mwanangu. Ukikwama, sema umekwama, na useme mapema. Mimi nilinyamaza kwa sababu ya jina la Dada Picha, Masanja alinyamaza kwa sababu ya mapenzi, na vyote viwili nusura vimnyime mama kitu alichokuwa na siku chache tu za kukipata. Usidhani unamlinda mtu kwa kumficha moyo wako. Huenda yuko chumba cha pili, anakungoja.

Mungu akutunzie wote walio nyumbani mwako. Na lile unaloogopa kuwaambia, akupe kinywa cha kulisema leo, wakati bado wanakuona.