Soya Iliyoanikwa Jiweni

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye semina ya kazini, Mwanza mjini, katika hoteli inayotazama ziwa. Kabla ya chakula mhudumu akatuletea bakuli la maganda machanga ya kijani, yamechemshwa na kunyunyiziwa chumvi. Jirani yangu mezani, mtu wa Dar, akaona nimeduwaa, akaanza kunielimisha. Hii inaitwa edamame, akasema, Wajapani wanaitafuna kila siku. Ina protini ya kushindana na nyama, ina madini ya chuma, ina nyuzinyuzi za kusaidia tumbo, na haina mafuta ya kuusumbua moyo. Nikaitikia kwa kichwa. Nikabinya ganda moja, punje zikaingia mdomoni, na machozi yakanilengalenga. Yule bwana akadhani chumvi imezidi, akanisogezea maji.

Ungekuwa wewe pale mezani, ndugu yangu, ningekusimulia papo hapo. Ilikuwa soya. Soya changa, ile ile tuliyokuwa tukiila kwa bibi.

Sisi tulilelewa ng'ambo ya pili, Sengerema, wakati huo ukitaka kwenda mjini unasubiri kivuko Busisi mpaka miguu inaota mizizi. Mama alikuwa chuo cha ualimu, mbali, akatuacha kwa bibi, mama yake mzazi. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na mdogo wangu wa kike ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa. Bibi alikuwa Msukuma wa kazi, asiyependa kuona mkono umekaa bure, hasa mkono wangu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiwe kubwa, pana, limelala kama kitanda. Juu yake tulianika kila kitu. Michembe, yaani vipande vya viazi vitamu, udaga wa mihogo iliyolowekwa, dagaa, majani ya kunde. Mimi nilikaa pembeni na kijiti, nikifukuza kuku na mbuzi, huku harufu ya dagaa ikinikaa kwenye nywele mpaka darasani. "Jua ni moto wa Mungu," bibi alipenda kusema, "halitaki kuni." Na kweli, muhogo mchungu wa kuua mtu ulilowekwa, ukapanda jiweni, ukashuka unga mweupe wa kupikia ugali.

Basi mdogo wangu akaanza kudhoofika. Mashavu yakaisha, nywele zikawa nyepesi na nyekundunyekundu. Kliniki muuguzi akamwambia bibi amtilie mtoto soya kwenye uji. Bahati nzuri bwana shamba alikuwa amegawa mbegu, na bibi alikuwa amepanda. Akavuna zilizokauka, akazitandaza jiweni mpaka zikawa zinalia ukizitikisa, nami nikazibeba kichwani pamoja na udaga hadi mashine ya kusaga. Unga ulitoka na rangi ya kupendeza. Tulirudi nyumbani tumefurahi kama watu waliopata mwarobaini wa shida zao.

Uji ule ukamvuruga mtoto tumbo. Akaharisha. Zahanati wakatupa dawa ya chumvi ya kumrudishia maji, akapata nafuu, tukarudi kwenye uji, akaharisha tena. Na bibi, kwa kuwa aliambiwa soya inajenga mwili, kila alipomwona amezidi kukonda alizidisha soya. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mtoto ametupiwa jicho. Mwingine akasema waziwazi, pelekeni kwa mganga mapema. Kilichonitisha mimi ni kwamba mtoto aliacha kulia. Alikaa tu mgongoni kwa bibi, macho makubwa, kimya. Kila asubuhi nilipoamka nilikitazama kwanza kifua chake kama kinapanda na kushuka. Niliogopa, nakuambia kweli, kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote tangu hapo.

Jioni moja mwalimu wetu wa maarifa ya nyumbani, mwanamke wa Kagera aliyepanga jirani, alikuja kuazima ungo. Akamkuta bibi anakoroga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ukae."

Hakukaa. Aliinama juu ya sufuria, akanusa.

"Bibi, soya hii mliikaanga kabla ya kusaga?"

"Kuikaanga? Tuliianika jiweni mpaka ikalia."

"Wala hamkuichemsha?"

"Mbona udaga siuchemshi na sumu inatoka? Halafu uji si unachemka?"

"Unachemka kidogo tu, unaepua. Soya ni mkaidi, bibi. Ikiwa mbichi inalizuia tumbo lisisage chakula. Jua haliwezi kuitoa hali hiyo. Inataka moto, tena moto wa kutosha."

Bibi akaepua sufuria. Akakaa chini, palepale majivuni.

"Kwa hiyo ni mimi ninayemmaliza."

"Ni sisi sote, bibi. Sisi tuliosoma tuliwaambia soya, hatukuwaambia moto."

Nilitegemea bibi alie. Badala yake akacheka, kicheko cha ajabu kilichochanganyika na machozi, akaushika mkono wa mwalimu akimshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, mwanangu. Wabeja sana. Kumbe ni kuni tu!" Halikuwa jicho la mtu, wala hakuwa Mungu anayemtaka mtoto wake. Kilichokosekana ni kuni, na kuni tulikuwa nazo.

Unga ule ukatupwa. Mwalimu alisema soya kavu ichemshwe, imenywe maganda, ikauke, ikaangwe, ndipo isagwe, lakini hiyo kazi ilihitaji muda. Shambani kulikuwa na tuta tulilochelewa kupanda, maganda yake bado ya kijani. Akatuambia tuyachume hivyohivyo na kuyachemsha mpaka punje zilegee kabisa. Bibi alichochea moto ule kana kwamba anapika sherehe. Akaziponda punje kwa kijiko, akachanganya na kiazi laini, akamlisha mdogo wangu kidogokidogo. Mimi nilifyonza maganda yenye chumvi, na mbuzi wakapata mabaki.

Tumbo likatulia. Siku zikapita, macho yakaanza kufuata kijiko. Kisha asubuhi moja bibi alikawia kumletea bakuli, na mdogo wangu akaangua kilio, kilio kikubwa cha hasira. Bibi alitupa mwiko. "Analia! Njooni msikie, analia!" Majirani wakaja mbio, wakasimama mlangoni wanacheka. Na bibi, mtundu yule, alimchelewesha kidogo zaidi ili aendelee kumsikiliza.

Leo lile jiwe halipo. Lilipasuliwa likawa kokoto, sasa ni ukuta wa nyumba ya mtu. Mwalimu alihamishwa na sikumwona tena. Bibi tulimzika. Watoto wa kijijini wananunua unga wa lishe kwenye pakiti, na ni vizuri, ingawa hakuna anayefyonza maganda.

Mdogo wangu yuko Nansio, kisiwani, mama wa watoto, mnene kidogo, mwenye sauti ya kumsikia kutoka gatini. Baada ya semina nilimpigia simu kumuuliza kama anakumbuka soya ya bibi.

"Soya gani?" akaniuliza.

Hakumbuki ile njaa, hata chembe. Nikamwambia si kitu, nilitaka tu kumsikia.