Mama Kwenye Kipimo cha Kamyo

Mi sikumaliza hata shule ya msingi. Kamyo yangu ya kwanza, lori la kubeba mawe ya mgodi, niliipata kwa jasho langu, na kamyo hiyo ilisomesha binti yangu mpaka akawa daktari wa kansa, wale wanaochoma uvimbe kwa miali. Mwenye wivu aone wivu.

Kazi yake iko ng'ambo ya mpaka, kwenye mashine kubwa ambayo hapa Kolwezi hatuna. Anachoma wagonjwa, na muda unaobaki anachunguza jambo moja: kwa nini watu wanaanza miali na hawamalizi. Anawafuata mpaka makwao, hata kule mbali Sandoa, kuwauliza nini kiliwakimbiza. Mi nilisema, anayekimbia dawa mwache akimbie. Mpaka mama yake akataka kukimbia.

Mke wangu alitolewa uvimbe kwenye ziwa, kisha akaanza miali. Idi ikaangukia katikati. Binti akamleta ale sikukuu na sisi, warudi mara moja.

Hapo dada yangu, anayekaa kwetu, akaharibu mambo. Huku kwetu, kamyo ya mawe haitoki kabla mtu hajapitisha kipimo juu ya mzigo. Kikilia kwa nguvu, mzigo ni radioaktifu, unatoa miali yake wenyewe, unawekwa kando, hakuna anayeugusa. Dada aliposikia habari ya miali, akatenga sahani ya mke wangu na kumkataza kubeba mjukuu wetu mchanga, mtoto wa kijana wetu.

"Wifi, usikasirike," alimwambia. "Mzigo ukilia tunauweka kando. Na wewe walikuchoma."

Siku ya kuondoka mke wangu alikaa kwenye mkeka, hakuinuka.

"Mi sirudi kule. Nipone, halafu batoto baniogope?"

"Mama, ile mashine ni kama taa," binti akasema. "Ikizimwa, imekwisha. Hakuna kinachobakia mwilini. Lakini tukikata katikati, uvimbe unaweza kurudi."

"Unasema kama daktari."

"Niko daktari, mama!"

"Njo vile, uko daktari. Na wale wagonjwa wako waliokimbia, uliwaambia nini?"

Mtoto wangu, msomi mzima, akarudia maneno yale yale ya taa.

Mi sijui kubembeleza. Nikasema wote wapande gari, tunaenda kwa mpimaji wa kamyo. Binti akanivuta pembeni, uso umemkauka.

"Papa, kile kipimo kinagonga kidogo kila mahali, hata pasipo na kitu. Akikisikia tu, tumempoteza."

"Uko na njia ingine?"

Akaenda kufungua mlango wa gari.

Kwenye uwanja wa kamyo mpimaji, mzee mwenzangu, alituona akacheka. "Tata, leo umepakia mama?" Aliponiangalia vizuri akaacha kucheka. Nikamweleza, naye akawasha kipimo, akakisogeza kwa mke wangu.

Tik. Kimya. Tik, tik.

Mke wangu akanishika mkono, kucha zikaingia. Dada yangu akarudi nyuma. "Si nilisema! Kinalia!"

"Sasa nipime mimi," binti akasema kwa sauti ya juu. Tik. Kimya. Tik. "Mpime na shangazi."

"Mi sijachomwa!"

"Ndiyo maana upimwe."

Dada alifumba macho kama mtu anayepigwa sindano. Tik, tik. Kimya. Tik. Sawasawa na mke wangu.

"Sasa tusikie kitu kinacholia kweli," binti akasema. Akatusimamisha mbali, mpimaji akaenda peke yake kwenye mzigo uliotengwa karibu na ukuta. Kipimo kikalipuka kwa kelele kama mafuta ya moto yakimwagiwa maji.

Mke wangu akasikiliza mpaka mwisho. Mpimaji aliporudi, mke wangu alimpokonya kile kipimo, akakibana mwenyewe kwenye ziwa lililopasuliwa, juu ya nguo. Tukasimama. Mi nimevuka mabonde na kamyo isiyo na breki, sikuogopa vile.

Tik. Kimya kirefu. Tik.

Nyumbani, dada yangu alimchukua mjukuu kutoka kwa mkwe wetu, akamweka mikononi mwa wifi yake, kisha yeye mwenyewe akainamisha uso. Mke wangu akambeba akizunguka chumba mpaka mtoto akalala. Binti alisimama mlangoni, haombi tena.

Mke wangu akamrudisha mtoto, akajifunga kitenge.

"Mpaka unafungwa saa ngapi?" akamuuliza binti.