Kichocho Changu cha Darasa la Sita

Harufu ya matope ya bonde la Jangwani, yale meusi yanayobaki mvua ikishakatika, bado hunirudisha darasa la sita. Shule yetu ilikuwa na matuta ya mchicha kule bondeni, na kila Ijumaa tulishuka kutoka Kariakoo tukiwa na majembe na ndoo. Baba alinikataza kabisa kukanyaga maji yaliyotuama. Tuliishi wawili tu, nyuma ya duka lake la vipuri vya baiskeli. Mama alikuwa Moshi akiangalia migomba na wadogo zangu. Kwa kuwa sikuwa na wa kunisifu ila mwalimu, nilitaka kuwa wa kwanza katika kila kitu, hata kumwagilia. Siku ndoo yangu ilipoelea dimbwini, niliifuata hadi maji yakanifika magotini, na sikumwambia mtu.

Mwalimu wa Afya alitufundisha kichocho kwa wiki mbili. Nilinakili kwa kalamu za rangi mbili, nikapata kumi kwa kumi: konokono, maji yaliyotuama, damu kwenye mkojo. Sura iliyofuata ilihusu jinsi mwili wa msichana na wa mvulana unavyokua. Akatuambia tufunge vitabu. "Hayo wasichana mtafundwa na masomo wenu," alisema, na darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Wenzangu wa Pwani na Kusini kila mmoja alikuwa na somo wake, mwanamke aliyechaguliwa na ukoo kumfunda binti akivunja ungo. Nyumbani kwetu sikuwahi kusikia mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo asubuhi nilipoona damu, jibu nilikuwa nalo. Nilifungua daftari kuhakikisha. Nilikaa siku mbili nikisubiri kufa, nikitandika vitanda vizuri kuliko kawaida ili baba asije akapata taabu. Siku ya tatu, pale bombani uani, nilimnong'oneza Mwajuma, jirani yangu niliyesoma naye, aliyekuwa amerudi kutoka Lindi alikochezwa ngoma ya unyago.

"Kichocho?" Aliweka ndoo chini. "Nyie Wachaga mnajua biashara tu. Hicho si kichocho."

"Ni nini basi?"

Akajiziba mdomo kwa kiganja. "Hujachezwa, shoga yangu. Mie niliapishwa nisiseme."

"Nitakufa?"

"Kamuulize mamako."

Mama alikuwa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Nikamwendea baba. "Baba, nina kichocho. Niliingia kwenye maji." Alifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kuliona, tukatembea hadi zahanati ya Ilala. Nesi aliniuliza maswali mawili, kisha akamgeukia baba. "Mzee, mwanao haumwi. Amekua. Mama yake yuko wapi?" Baba akatazama bango la mbu ukutani. Nilipewa pamba, namna ya kuitumia hakuna aliyesema. Jioni, na huo ulikuwa mwaka wa kupanga foleni kwa sabuni, nilikuta mche mzima wa sabuni kitandani kwangu, umefungwa kwa gazeti. Hatukuzungumza tena habari hiyo.

Mengine niliyasoma mwenyewe katika vitabu vya kuazima, kwa aibu ya mtu aliyefeli mtihani. Mdogo wangu wa mwisho sasa yuko darasa la sita na anaishi nami, mitaa miwili kutoka lilipokuwa duka lile. Nilimwandalia maelezo, kurasa mbili, nikayaandika upya mara sita, kila mara nikiona neno moja ni kali mno au halitoshi. Juzi alirudi kutoka shule, akavua viatu, akasema, "Dada, nimeanza. Pamba iko wapi?"

"Hutaki kuniuliza kitu?"

"Mwalimu alishatufundisha." Alinitazama. "Kwani wewe ulifundishwa na nani?"

Nilikuwa nimezishika zile kurasa nyuma ya mgongo. "Na baba," nilisema.

Akacheka, akidhani natania. Nikazikunja kurasa zangu, nikaenda kumchukulia sabuni.